Shajara ya karanga za pilipili: sufuria tisa, Agosti hadi Novemba

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Naanza kuandika leo kwa sababu ya kikombe kimoja cha karanga. Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunarudi Atlanta kutoka Savannah, na kabla ya kufika Macon tukaona kibanda cha mbao kando ya barabara, mbele yake sufuria mbili kubwa zinatokota juu ya gesi. Moja ilikuwa ya chumvi tu, nyingine imeandikwa "Cajun". Mke wangu alichukua ya chumvi, mimi nikachukua ya pilipili. Tulipofika nyumbani sikuwa na habari nyingine ya kuzungumza.

Mimi ni mtu wa Kongwa, mkoani Dodoma. Karanga za kuchemsha nimekua nazo. Nimezila kwenye ungo wa bibi, nimezinunua dirishani mwa basi pale Kibaigwa zikiwa bado za moto. Lakini zile zilikuwa za chumvi. Hizi za Georgia pilipili ilikuwa imefika mpaka kwenye punje. Ukibana ganda kwa meno, kwanza unafyonza mchuzi uliojaa ndani, wa chumvi na kitunguu saumu, halafu inakuja punje laini kama harage lililoiva, na ukali unafuata nyuma yake taratibu, kooni. Hapo ndipo ninapotaka kufika, kwenye jiko langu mwenyewe.

Mama anakuja kututembelea katikati ya Novemba. Nataka zimkute mezani.

Kwa asiyejua: Wakajuni ni watu wa Louisiana, wazao wa Wafaransa wa Acadia ambao Waingereza walianza kuwafukuza kutoka pwani ya Kanada mwaka 1755. Chakula chao kinajulikana kwa pilipili, kitunguu saumu na ule utatu wa kitunguu maji, pilipili hoho na seleri. Karanga za kuchemsha zenyewe ni za huku zaidi, Georgia, Alabama, Florida na majimbo ya Carolina. South Carolina ilizipa cheo cha kitafunwa rasmi cha jimbo mwaka 2006. Kwa hiyo ninachotafuta ni karanga ya Georgia iliyopikwa kwa viungo vya Louisiana.

Nitapima kila kitu kwa mizani, na kila sufuria nitabadilisha jambo moja tu.

Jumapili, 3 Agosti. Sufuria ya kwanza

Karanga kavu zenye maganda, mbichi, hazijakaangwa, gramu 900. Maji lita 4, chumvi gramu 120, pilipili ya unga vijiko vikubwa vitatu. Nilizibandika bila kuziloweka. Saa nne za moto wa wastani.

Ganda lililainika. Punje ililainika nje, ndani ikabaki inakatika kwa sauti. Chumvi iko kwenye ganda, punje haina kitu. Pilipili imeelea juu ya maji na kuganda pembeni mwa sufuria kama mstari mwekundu. Tumezila, lakini hizi si zile.

Jambo moja nimeliona na ninaliandika lisije likapotea: karanga zote zilielea, mwanzo hadi mwisho. Nililazimika kuzikandamiza kwa sahani.

Jumamosi, 9 Agosti. Sufuria ya pili

Nimeziloweka saa 12 kwenye maji ya chumvi, sahani juu na jiwe juu ya sahani. Zimevimba vizuri, maganda yamekuwa mazito mkononi.

Kisha nikakosea. Nilikuwa nimeona jinsi watu wa Louisiana wanavyochemsha kamba wadogo wa matopeni, wanatia malimau yaliyokatwa nusu nusu kwenye sufuria. Nikatia malimau mawili tangu mwanzo, na siki nusu kikombe ili ladha ichangamke. Saa sita zilipita punje bado ni ngumu. Saa ya saba, ngumu. Nilizima nikiwa nimechoka.

Usiku nikamkumbuka bibi na magadi. Kwetu maharage yakiwa ya zamani na hayataki kuiva, unatia magadi kidogo, na yanalainika. Magadi yanavuta upande mmoja, limau na siki vinavuta upande wa pili. Asidi inashikilia ukuta wa mbegu usiachie, na karanga ni jamaa ya maharage, si kokwa za kuzaa juu ya mti, kwa hiyo sheria ya maharage inaihusu. Basi limau litaingia punje zikishaiva, si kabla.

Na chumvi je? Nyumbani tulifundishwa kuitia mwishoni, kwamba inafanya maharage yawe magumu. Sufuria hii nilipima hilo pembeni: karanga 20 kwenye maji matupu, 20 kwenye maji ya chumvi, zote bila limau. Zile za chumvi ndizo zilizotangulia kulainika. Chumvi inaingia tangu kwenye kuloweka. Samahani, bibi.

Jumamosi, 16 Agosti. Sufuria ya tatu

Kama ya pili, bila limau wala siki. Chumvi gramu 60 kwa kila lita. Kuloweka saa 12, moto saa sita, naongeza maji ya moto kila yanapopungua ili chumvi isizidi.

Punje laini kabisa, na chumvi imeingia. Ni mara ya kwanza binti yangu kurudi kuchota mara ya pili.

Pilipili bado iko nje. Ukilamba ganda unaungua mdomo, ukifika kwenye punje unakuta karanga ya Kibaigwa. Ni nzuri, lakini si ya barabara ya Savannah.

Jumapili, 17 Agosti

Sikupika leo. Baada ya ibada kule Clarkston, mji mdogo karibu na Atlanta, nilimpelekea kaka mmoja wa Bukavu bakuli la zile za jana. Alipasua moja, akasema, "Nguba." Hilo ni neno la Kilingala, na la Kikongo pia. Nikamwambia kwamba huku Kusini mwa Marekani wazee bado wanaita karanga *goober*, na kwamba neno hilo ni nguba hiyohiyo, ililetwa na watu waliotekwa Kongo na kuvushwa bahari wakiwa watumwa. Alinyamaza akashika ganda lile mkononi kwa muda.

Karanga yenyewe ni mzaliwa wa Amerika ya Kusini. Wareno waliipeleka Afrika, na huko ikawakuta watu ambao tayari walikuwa na njugu mawe, inayozaa chini ya udongo vilevile na kuchemshwa vilevile. Walijua la kuifanya. Kisha mikono hiyohiyo ikaja nayo Georgia na Carolina. Ninapobandika sufuria hapa sijifunzi kitu cha kigeni. Nataka binti yangu alijue hilo, na nimemwambia.

Jumapili, 24 Agosti. Sufuria ya nne

Hatimaye karanga za kijani zimeingia sokoni. Jana asubuhi nilikwenda soko la wakulima la Forest Park nikapata kilo mbili na nusu.

Nieleze tofauti, maana ndiyo inayochanganya watu wengi. Karanga kavu tunayoijua imeanikwa baada ya kung'olewa, maji yamebaki karibu sehemu moja kati ya kumi. Ya kijani imetoka shambani juzi, bado ina unyevu mwingi, ganda ni laini linabonyea, punje ni nyeupe na ina maji kama mahindi mabichi. Haihitaji kulowekwa. Lakini haikai. Ikikaa siku chache nje ya friji inaota ukungu. Msimu wake hapa ni tangu mwisho wa Julai au Agosti hadi Oktoba, ukipita umepita.

Niliziosha maji matatu mpaka udongo ukaisha. Lita 5 za maji, chumvi gramu 275, pilipili vijiko vinne. Baada ya saa mbili na nusu zilikuwa laini. Nikaonja: chumvi kidogo ndani, pilipili hakuna. Nilisikia uchungu kwa kweli, maana nilidhani ugumu wote ulikuwa kwenye karanga kavu.

Wakati huo jirani yangu alikuwa anapita na mbwa wake. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Lafayette, Louisiana. Harufu ilimvuta mpaka kwenye uzio. Nikamweleza shida. Akaniuliza swali moja: "Umezima moto saa ngapi?" Nikamwambia sijazima, bado inatokota. Akasema, "Basi zima, kijana. Ikiwa inachemka haili. Inakula ikipoa."

Nikazima. Nikatia alama kwa uzi kwenye karanga 20. Wakati wa kuzima, 14 zilikuwa zinaelea. Baada ya saa moja, tisa. Baada ya saa nne, mbili. Nilizipima pia: zilikuwa gramu 118 zilipotoka motoni, zikawa 139 baada ya saa nne. Hizo gramu 21 zote ni mchuzi ulioingia.

Nimekaa nalifikiria hili usiku huu na sasa linaonekana wazi. Sufuria ikichemka, ndani ya ganda kuna mvuke na hewa iliyotanuka, vinasukuma kwenda nje. Ukizima moto mvuke unarudi kuwa maji, hewa inanywea, nafasi inabaki tupu, na ganda linavuta kile kilicholizunguka. Ndiyo maana karanga inayoelea haijala, na iliyozama imeshiba. Moto kazi yake ni kulainisha tu.

Zilikuwa na ukali ndani. Kidogo, lakini ulikuwepo. Nimempelekea mzee bakuli zima.

Jumamosi, 30 Agosti. Sufuria ya tano

Sasa nahangaika na pilipili yenyewe. Ukali wake hauyeyuki vizuri kwenye maji, unapenda mafuta. Kwa hiyo nilifikiri: nitakaanga pilipili na kitunguu saumu taratibu kwenye mafuta, mililita 60, kisha nimwage yote sufuriani.

Haikufaa. Mafuta yalipanda juu yakakaa huko. Nilipozitoa karanga zilipita kwenye ule utando na kutoka zimepakwa mafuta mekundu kwa nje. Unakula vidole vinateleza, mdomo unawaka, punje haijabadilika. Binti alijifuta jicho kwa mkono ule na tukaishia bafuni na maziwa na maji kwa nusu saa. Tangu leo kuna bakuli la maji na sabuni mezani kabla karanga hazijaletwa.

Lakini wazo la mafuta silitupi lote. Karanga kavu ni karibu nusu mafuta. Mafuta ya kuushika ukali yako ndani ya punje tayari. Ninachotakiwa kufanya ni kuyafikisha maji yenye pilipili mpaka hapo, halafu punje itaushika yenyewe. Tunarudi palepale kwenye kupoa.

Jumamosi, 6 Septemba. Sufuria ya sita

Mzee wa Lafayette amekuja na mfuko wa viungo mkononi. Kwao sufuria hii ilikuwa ya kamba, viazi vidogo na mahindi, karanga yeye mwenyewe amezikuta Georgia. Amenionyesha vilivyomo kwenye mfuko mmojammoja: haradali nzima, mbegu za giligilani, pilipili kavu, majani ya bay, karafuu, na zile punje za Jamaika zenye harufu ya karafuu na mdalasini kwa pamoja. Kasoro punje za Jamaika na majani ya bay, vyote mama yangu anavyo jikoni Kongwa. Akatoa pia kichupa kidogo cha Zatarain's, kampuni ya New Orleans ya tangu 1889, maji ya viungo yaliyokolezwa sana. Alisema kijiko kimoja, nisizidishe.

Tumepikia nje, kwenye jiko la gesi nyuma ya nyumba. Hili ni muhimu: mvuke wa pilipili ndani ya nyumba unakohoza watu wote. Sufuria ya pili na ya nne tulifungua madirisha na bado mke wangu alilalamika siku mbili, na alikuwa na haki.

Jambo nililobadilisha ni wakati wa kutia pilipili. Nusu ya pilipili ya unga iliingia mwanzo, nusu iliingia nilipozima moto. Ile inayochemka saa tatu inabaki na ukali lakini harufu yake inakufa. Ile ya mwisho ndiyo inayoingia na mchuzi wakati wa kuvuta.

Na mzee akanifundisha barafu. Kwao, kamba wakishaiva wanaipoza sufuria upesi ili wasizidi kuiva, na wavute viungo. Tukagandisha chupa nne za maji usiku uliotangulia, tukazitumbukiza zikiwa zimefungwa, ili mchuzi usichujuke. Joto lilishuka kutoka kuchemka hadi nyuzi 60 ndani ya dakika 40 hivi, na karanga zilikuwa zinazama mbele ya macho yetu. Binti alikuwa anazihesabu kwa sauti.

Hii ndiyo ya kwanza ninayoweza kusema inakaribia. Ukali umeingia, kitunguu saumu kimeingia. Bado ni nyembamba kidogo, inakosa ule mchuzi mzito.

Jumatatu, 15 Septemba. Sufuria ya saba

Imemwagwa yote.

Jumamosi nilipika kilo mbili, zikatoka vizuri, nikaziacha kwenye mchuzi wake juu ya jiko zivute usiku kucha. Jumapili tulitoka asubuhi tukarudi jioni. Nikafunua: mchuzi umekuwa na utelezi, ukivuta upawa unafuata kama mrenda, na harufu imebadilika. Nilitaka kuichemsha tena. Mke wangu akasema, "Baba, usithubutu," akaishika sufuria mwenyewe.

Yuko sahihi. Hiki ni chakula chenye maji, protini, na hakina asidi ya kukilinda. Saa mbili tatu za kuvuta, si zaidi, kisha friji pamoja na mchuzi wake. Kwenye friji ni siku tano hadi saba. Zaidi ya hapo ni friza, na huko zinakaa miezi bila shida. Kuzifunga kwenye chupa za kioo na kuziweka kabatini bila mtambo wa presha wa kazi hiyo ni hatari ya kweli ya sumu ya botulizimu, na sitalifanya.

Nikiwa kwenye hatari niseme na hili. Kila mara kabla ya kuloweka karanga kavu nazimwaga kwenye sinia nazichambua moja moja. Iliyovunjika ganda, yenye doa jeusi au ukungu wa kijani na njano, inatupwa, haichemshwi. Sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kwa njia ya mahindi, na karanga hushikwa na ukungu uleule. Nikiwa mtoto niliona watu wakila mbovu kwanza ili nzuri zibaki za kuuza. Nikichambua hapa ninawafikiria wao.

Jumamosi, 27 Septemba

Tumeendesha gari kwenda kusini mwa Georgia kutafuta karanga za kijani za mwisho, karibu na Plains, mji wa Jimmy Carter aliyekuwa mkulima wa karanga kabla ya kuwa rais. Karibu nusu ya karanga zote za Marekani zinalimwa jimbo hili.

Nilisimama kando ya shamba moja kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Trekta linapita na mtambo unaokata mzizi chini, unanyanyua mmea mzima, unautikisa, na kuugeuza miguu juu, karanga zinaangalia jua. Zinakaa hivyo siku kadhaa zikauke kabla ya kupukuchuliwa. Niliokota bonge la udongo. Lilikuwa mchanga, likavunjika kwa vidole viwili.

Karanga inatoa ua juu, kisha kijiti kutoka kwenye ua kinainama na kuchimba chini, ndiko ganda linakokua. Inahitaji udongo utakaokubali kuchimbwa, na utakaoachia siku ya kuvuna. Nikafikiria Kongwa. Waingereza walianza mpango wa karanga wa Tanganyika mwaka 1947, Kongwa, Urambo na Nachingwea, na trekta nyingi, nyingine za vita. Udongo wa Kongwa kiangazi unakauka kama saruji. Karanga zilizoota hazikung'oka. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, mamilioni ya pauni yamepotea. Babu yangu alisafisha vichaka pale kwa ujira. Alikuwa anasema wenyeji waliulizwa mambo mengi lakini si kuhusu udongo. Na bado karanga za bibi ziliota, kwenye kipande chake kidogo chenye mchanga kando ya korongo, kwa jembe la mkono, kila mwaka.

Tumerudi na kilo tano.

Jumapili, 28 Septemba. Sufuria ya nane

Hii ndiyo. Naandika yote bila kuruka.

Karanga za kijani kilo 2, zimeoshwa maji matatu. Maji lita 5, chumvi gramu 275. Kwenye kitambaa cheupe nimefunga haradali vijiko vikubwa viwili, giligilani viwili, pilipili manga nzima kimoja, karafuu sita, majani ya bay matano. Vichwa vitatu vya kitunguu saumu vimekatwa katikati na kutupwa na maganda yake, vitunguu maji viwili, hoho moja, mabua matatu ya seleri, pilipili kavu nzima 12, pilipili ya unga vijiko vikubwa viwili na paprika viwili. Moto mkubwa mpaka ichemke, kisha mdogo, nusu imefunikwa. Saa tatu.

Punje zilipokuwa laini ndipo malimau mawili yakaingia, dakika 15. Nikazima, nikatia vijiko viwili vya mwisho vya pilipili na kile kimoja cha kichupa cha New Orleans, nikakoroga, nikatumbukiza chupa za barafu. Saa moja na nusu.

Halafu nikafanya jambo jipya. Nikatoa chupa, nikairudisha sufuria motoni mpaka ikachemka tena dakika kumi, nikazima, nikapoza mara ya pili. Nilikuwa nimejiuliza kwa nini za barabarani ni nzito kuliko zangu, na jibu ni kwamba sufuria za pale zinakaa siku nzima: mteja akija moto unawashwa, akiondoka unapungua. Zinapoa kidogo na kuchemka tena, zinapoa na kuchemka, na kila mara zinavuta. Mimi nilikuwa nazipa nafasi moja tu ya kula.

Mzee wa Lafayette alikula ya kwanza amesimama. Akavuta kiti. Hakusema kitu mpaka bakuli lilipofika nusu, kisha akasema angependa mkewe angekuwa hai azionje. Tulikaa naye mpaka giza likaingia.

Jumamosi, 18 Oktoba

Za kijani zimekwisha sokoni. Friza ina mifuko sita ya sufuria ya nane, pamoja na mchuzi. Nimejaribu mmoja: unayeyushwa usiku kwenye friji, unachemshwa dakika kumi, unaachwa upoe. Umetoka mkali zaidi ya awali, na hilo linaafiki hesabu, ni kuvuta kwa mara ya tatu.

Jumapili, 9 Novemba. Sufuria ya tisa

Nimerudi kwenye karanga kavu, maana nataka kujua kama mbinu inafanya kazi mwaka mzima. Kilo moja, aina ya Valencia, yenye punje tatu hadi nne ndogo na ngozi nyekundu. Kuloweka saa 18 kwenye chumvi, friji. Moto saa tano, viungo vilevile nusu ya vipimo, limau mwishoni, kupoza mara mbili kwa chupa za barafu.

Ni tofauti na za kijani. Zina ladha nzito ya karanga, zile za kijani zina utamu wa mbaazi mbichi. Lakini pilipili imefika mpaka ndani na karanga zote, isipokuwa nne, zimezama. Pembeni nilipika nyingine za kulinganisha kwenye sufuria ya presha, dakika 80, presha ikaachwa ishuke yenyewe; zililainika vizuri na kuvuta vizuri pia, ila harufu ya viungo ilikuwa bapa. Ukiwa na haraka, itakufaa.

Jumatatu, 17 Novemba

Mama amefika Jumamosi usiku. Jana baada ya chakula nikampa bakuli, na la maji pembeni.

Akauliza, "Hizi mmechemsha na nini, mbona nyekundu?" Nikamwambia, "Onja tu, mama." Akapasua moja, akafyonza, akanitazama. Akakohoa kidogo. Akala nyingine. Alizila kama tisa au kumi, anazipanga maganda kwenye sahani kwa mstari kama alivyokuwa akifanya bibi, kisha akasukuma bakuli taratibu akasema, "Mwanangu, umepika vizuri sana. Sasa nipikie na zangu."

Zake ni za chumvi tu. Jumamosi tunabandika sufuria mbili nyuma ya nyumba. Ya chumvi ataisimamia yeye, na amesema hataki chupa za barafu kwenye yake, ataipoza kwa kivuli. Pia ameniuliza kama huku kunapatikana njugu mawe. Nitaanza kuzitafuta Clarkston kesho.